Mtoro Aliyekuwa Darasani

Mwalimu Theopista aliliaga darasa la tatu siku ya Ijumaa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeegemea meza. Tumbo lilikuwa limekua mpaka kitenge hakifungiki vizuri. Aliwaambia watoto kwamba anakwenda kujifungua, kwamba Jumatatu atakuja mwalimu mwingine, na kwamba asije akasikia huko aliko kuwa darasa lake limegeuka gulio. Watoto wakacheka. Walikuwa mia moja na wanne, wamebanana wanne wanne katika madawati, na kicheko chao kikavuka madirisha yasiyo na vioo kikaenda mpaka kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa nyuma ya shule.

Mbuke Mageni hakucheka. Alikuwa akingoja kuitwa pembeni. Aliamini kwamba mwalimu hawezi kuondoka hivihivi bila kumwambia jambo moja tu, kwamba amekwisha kumweleza huyo mgeni habari za sikio.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Mbuke alipokuwa na miaka minne, sikio lake la kushoto liliuma siku nyingi, likatoa usaha, mama yake Klara akalitia mafuta ya vuguvugu, na baada ya wiki kadhaa likakauka. Maumivu yakaondoka. Kusikia nako kukaondoka, lakini hilo hakuna aliyeliona. Klara aliona tu kwamba mtoto ameanza kuwa mkaidi. Unamtuma kuni, amekaa. Unamwita, anatazama kuku. "Huyu ng'wanone, mwanangu huyu, kichwa chake ni jiwe," alizoea kuwaambia majirani, na Mbuke naye akakua akijua kwamba kichwa chake ni jiwe.

Aliyegundua ni Mwalimu Theopista, Mbuke akiwa darasa la kwanza. Siku moja ya mvua, bati lilipokuwa likipiga kelele na masomo yamesimama, mwalimu aliketi karibu naye akamnong'oneza kitu kwa upande wa kushoto. Mtoto hakupepesa hata jicho. Akahamia upande wa kulia, akanong'ona tena, "Unapenda mihogo?" Mbuke akageuka, akasema, "Napenda." Tangu siku ile mwalimu alimweka dawati la mbele kabisa, ubavuni mwa ukuta wa kushoto, ili sikio bovu lisikilize ukuta na sikio zima lisikilize darasa. Hakumtangaza. Alimwambia, "Hili ni letu sisi wawili. Siku mama akija kwenye kikao cha wazazi nitazungumza naye." Lakini kila kikao kiliangukia wakati wa palizi au wa kuvuna, na Klara hakuwahi kufika. Baba yake, Mzee Mageni, alikuwa kwenye machimbo huko Geita, anashuka duarani, ndani ya shimo refu, na wenzake kutafuta dhahabu, na nyumbani alionekana mara moja kwa miezi miwili.

Basi Ijumaa ile Mwalimu Theopista alifunga pochi yake, akapandishwa kwenye pikipiki taratibu kama mzigo wa mayai, akaondoka kwenda nyumbani kwake Ushirombo. Hakumwita mtu pembeni.

Jumatatu aliingia kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Jina lake Akida. Alitoka Kagongwa, alisomea ualimu, na kwa kuwa ajira zilikuwa hazijatoka alikuwa akijitolea kushika darasa hili mpaka mwenyewe arudi. Lafudhi yake ilikuwa ya mjini, ya watu waliozaliwa na Kiswahili kinywani, na aliongea mbiombio kama anayekimbizwa. Alikuwa anaogopa, lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kujua kwamba mwalimu anaweza kuogopa.

Watoto walipokwisha kumsalimu, wale wafupi walianza kulalamika. "Mwalimu, mimi sioni ubao." "Mwalimu, na mimi Mathayo ananiziba." Mwalimu Akida akaona ndiyo njia nzuri ya kuanza kazi. Akawasimamisha wote, akawapanga kwa vimo, wafupi mbele, warefu nyuma. Mbuke alikuwa mrefu, amerithi miguu ya baba yake. Akajikuta dawati la mwisho, pembe ya kulia, kando ya dirisha. Noela, mwenzake wa dawati tangu darasa la kwanza, ambaye kimo chake kilikuwa kama cha mtoto wa chekechea, akabaki mbele.

Mahali pale hapakumfaa hata kidogo. Sikio lake zima lilitazama dirisha, na ng'ambo ya uzio kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Msimu ulikuwa umekolea, magunia yakishushwa tangu asubuhi, na mashine haikunyamaza ila wakati wa kula. Upande wa kulia Mbuke alisikia mashine. Upande wa kushoto, walikokaa watu wote, hakusikia kitu.

Mwalimu Akida alikuwa na mtindo wa kuita majina akiwa ameinamia daftari la mahudhurio, kalamu mkononi, bila kuinua uso. Mwalimu Theopista alizoea kuita jina na kumtafuta mwenye jina kwa macho. Mbuke hakuwa akisikia jina lake siku zile. Alikuwa akiliona likija. Sasa alijaribu kuhesabu vinywa. Alijua anaitwa baada ya Mathayo, basi alimkodolea macho Mathayo, na akiona mdomo wake umefunguka kusema "Nipo", yeye naye anasema "Nipo". Siku ya kwanza alifaulu. Siku ya pili Mathayo aliumwa, hakuja, na majina yakapita kama maji chini ya daraja mpaka daftari likafungwa. Siku ya tatu alipaza sauti mapema mno, juu ya jina la mtu mwingine, na darasa likaangua kicheko. Baada ya hapo mara nyingi aliona haya kufungua kinywa.

Kila alipokaa kimya, mwalimu alichora alama ya mtoro, akaendelea.

Mtu atauliza, kwa nini hakusema? Alijaribu. Alhamisi ya wiki ile ya kwanza, wakati wa mapumziko, alimfuata Mwalimu Akida mlangoni. Watoto kumi walikuwa wamemzunguka, huyu kanyang'anywa kalamu, yule katukaniwa mama. Mbuke akasimama nyuma yao, akingoja nafasi. Nafasi ilipopatikana alisema, kwa sauti ndogo na kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kisukuma cha nyumbani, "Mwalimu, nilikuwa nakaa kule."

"Kila mtu alikuwa anakaa kule," alisema Mwalimu Akida. "Ukikaa mbele wewe, wenzako wataona nini? Nenda kacheze."

Akaenda, lakini hakucheza. Wasichana walikuwa kwenye rede, mmoja katikati anakwepa mpira na wengine wanapiga kelele kumpa tahadhari. Zamani Noela ndiye aliyekuwa masikio yake. Akimvuta gauni kushoto anakwepa kushoto, akimvuta kulia anakwepa kulia. Sasa Noela alikuwa na marafiki wapya wa dawati la mbele, vifupi wenzake, wanatembea wameshikana mikono watatu. Hawakumfukuza. Ila walipopanga timu hawakumkumbuka, na yeye hakujua namna ya kujikumbusha. Akatafuta kivuli nyuma ya simtanki ya maji, akakaa huko mpaka akaona watu wanakimbilia madarasani. Kesho yake akakaa tena huko. Upweke nao huzoeleka.

Imla ndiyo ilimmaliza. Mwalimu alisoma maneno kumi akitembea katikati ya madawati, sauti ikija na kuondoka, mashine ikinguruma. Mbuke aliandika alichopata. Palipotakiwa "mbegu" aliandika "bega". Palipotakiwa "kisima" aliandika "sima". Pengine hakupata kitu, akaandika tu neno analolijua, ili mstari usikae mtupu. Mwalimu Akida aliposahihisha alishika daftari lile mbele ya wote, akasema bila ubaya, "Huyu wa 'sima' ni nani? Amekuja na njaa?" Darasa zima likacheka, na Noela naye akacheka. Mbuke aliona meno yao kabla hajaelewa kinachochekwa, na alipoelewa aliinama akajifanya anatafuta kifutio chini ya dawati.

Siku zikapita hivyo. Wiki ya tatu, Jumatano jioni, monita wa darasa alifika nyumbani kwao na barua. Klara alikuwa anapepeta mpunga uani. Alijifuta mikono, akaisoma pole pole, midomo ikicheza, kisha akairudia.

"Mbuke."

Mbuke alikuwa amempa mgongo, anachochea moto.

"Mbuke!" Safari hii alisikia, akageuka.

"Unakwenda wapi asubuhi ukitoka hapa?"

"Shule, Mayu."

"Shule ipi? Hapa wameandika siku tisa hujafika. Siku tisa! Unavaa sare yangu ninayofua kwa mikono hii, unakula uji wangu, halafu unakwenda wapi? Machimboni? Sokoni?"

"Nakwenda shule, Mayu."

"Basi mwalimu mwongo?"

Mwalimu hawezi kuwa mwongo, hilo Mbuke alilijua. Yeye naye alikuwa na uhakika kwamba alikwenda. Akabaki anatazama barua mkononi mwa mama kana kwamba ndani yake kuna mtoto mwingine mwenye jina lake. Klara hakumpiga. Alisema tu, kwa uchovu, "Ngoja baba yako apige simu. Mimi nimeshindwa na wewe." Akaendelea kupepeta.

Alhamisi asubuhi Mbuke alivaa sare, akanawa uso, akabeba begi. Alifika mpaka kwenye uzio wa shule. Watoto walikuwa wameanza kujipanga mstarini. Alisimama akawaza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza: kama akiwepo anaandikwa hayupo, basi akiondoka hakuna kitakachopungua. Miguu ikapita geti. Ikaendelea na barabara ya vumbi, ikapita mashine ya kukoboa, ikashika njia ya Ushirombo.

Kwa mtoto ni mwendo wa saa mbili na ushee. Malori ya mizigo yalimpita yakamwacha mweupe kwa vumbi. Nyumba ya Mwalimu Theopista aliijua kwa sababu aliwahi kwenda na majirani kanisani mjini siku ya Kipaimara, na mwalimu akawaonyesha kwa kidole, ile yenye mlango wa bluu. Alibisha hodi. Akatoka bibi mmoja mnene mwenye kanga kifuani, mama mkwe wa mwalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kumwona mwalimu."

Bibi alimkaribisha, akamwekea kiti kifupi barazani, akamletea chai ya rangi na viazi vitamu viwili. Baada ya muda Mwalimu Theopista akatoka. Mbuke alisimama. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, lakini huyu aliyetoka hakuwa yule aliyeondoka Ijumaa ile. Alikuwa amevaa gauni la kulalia, nywele amezifunga kitambaa, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Mkononi alikuwa na kitu kidogo kilichofungwa blanketi.

"Mbuke! Umekuja na nani? Leo si siku ya shule?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Ahsante, mama. Mtazame mwenzio, anaitwa Otmar, jina la babu yake." Akainamisha blanketi kidogo. Mtoto alikuwa mwekundu, amekunja ngumi. "Haya, niambie. Mwalimu mpya anafundisha vizuri?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mbuke alimeza kiazi kilichokuwa kinywani. Akafungua mdomo, na Otmar naye akafungua wake akalia, kilio kikali cha mtoto mchanga ambacho hata sikio bovu lingekijua.

"Ninakuja sasa hivi," Mwalimu Theopista alisema, akaingia ndani.

Mbuke alingoja. Chai ikaisha. Jua likahama kutoka kwenye vidole vya miguu yake likafika magotini. Ndani kulikuwa kimya. Bibi akachungulia chumbani, akarudi kwa kunyata.

"Wamepitiwa na usingizi wote wawili. Usiku kucha hawakulala. Nenda nyumbani sasa mjukuu wangu, usije ukachelewa. Nitamwambia umekuja."

Mbuke alishukuru, akaweka kikombe chini pole pole kisilie. Njiani kurudi hakulia. Alifikiri juu ya Otmar, jinsi alivyokuwa amekunja ngumi na mama akamwelewa bila neno hata moja. Akaona kwamba Mwalimu Theopista hakumsahau kwa ubaya. Alikuwa amejaa tu, kama ndoo, na hapakuwa na nafasi ya tone jingine. Lakini kuelewa hivyo hakukumpunguzia kitu. Kulimzidishia uchungu, kwa sababu sasa hakuwa hata na mtu wa kumlaumu.

Ijumaa, Klara hakwenda shambani. Alijifunga kitenge chake kizuri, akamshika mwanawe mkono, wakaenda shuleni pamoja. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ofisi ile. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Agapiti, aliwapa viti, akamwita Mwalimu Akida, naye akaja na daftari la mahudhurio kwapani.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu Akida, kwani mbele ya Klara alikuwa kama mdogo wake.

"Marahaba, mwalimu. Nimemleta mtoro wako. Mwambie mbele yangu siku ambazo hakuja, na yeye aniambie mbele yako alikokuwa."

Mwalimu Akida alifungua daftari, akapitisha kidole. Akazisoma siku tisa moja moja na tarehe zake. "Jana, hata hivyo, alikuja," akamalizia. "Jana ameitika. Nafikiri barua imesaidia."

Mbuke aliinua uso. "Jana sikuja, mwalimu."

Watu wazima wakatazamana.

"Hukuja?" Mwalimu Akida akageuza daftari kulielekea dirisha. "Hapa nimeweka alama. Mtu ameitika 'Nipo'."

"Sikuja. Nilikwenda Ushirombo kwa Mwalimu Theopista." Akafungua begi, akatoa daftari la hesabu. Alikuwa na mazoea ya kuandika tarehe juu ya kila kazi, akiinakili ubaoni na kuipigia mstari kwa rula. Akaliweka mezani.

Mwalimu Akida alifunua ukurasa wa kwanza, akatazama tarehe, akatazama rejesta yake. Akafunua wa pili. Siku zote tisa zilikuwemo, zimepigiwa mstari, na chini ya kila tarehe hesabu zilizonakiliwa ubaoni, nyingi sahihi. Na saba kati ya hizo zilikuwa na alama nyekundu ya vema na saini yake mwenyewe. Tarehe ya jana haikuwepo.

Akamsogezea Mwalimu Agapiti daftari lile.

"Nani aliitika jana?" Mwalimu Agapiti aliuliza, na kwa kuwa hakuna aliyejua, Noela akaitwa, kwa vile wote walijua kwamba zamani yeye na Mbuke walikuwa chanda na pete. Noela aliingia ameshika pindo la sketi. Alikiri kabla hajaulizwa mara ya pili. "Monita alisema Mbuke ameandikiwa barua. Nikaona hayupo. Nikamwitikia." Akamtazama Mbuke mara moja, akatazama chini.

Mwalimu Akida hakumkaripia. Alikuwa anafikiri. Alisimama, akazunguka nyuma ya kiti cha Mbuke, upande wa kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mbuke." Mtoto alikuwa akimtazama mama yake. "Mbuke Mageni," alisema tena. Hakuna. Akahamia upande wa kulia. "Mbuke." Mtoto akageuka, "Naam, mwalimu."

Klara aliona yote hayo. Alikuwa na macho. Midomo yake ikasogea kama siku ile anasoma barua, anaunganisha herufi: kuni ambazo hazikuletwa, kuku, moto, majina yaliyoitwa mara nne. Miaka mitano ya jiwe. Akaweka kiganja juu ya sikio la kushoto la mwanawe, akakiacha hapo, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo walimu hawakuyaelewa na ambayo Mbuke hakuyasikia, maana kiganja kilikuwa kwenye sikio bovu na kichwa kimeegemezwa kifuani mwa mama kwa upande ule mzima. Alichosikia ni moyo.

Jumatatu Mbuke alirudishwa dawati lake la mbele. Mtu angependa kusema kwamba hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mwalimu Akida, kwa majuto yake, alianza kumpigia kelele. "MBUKE! UMESIKIA?" alikuwa akiuliza kila baada ya sentensi, na darasa zima likajua alichokuwa ameficha miaka mitatu. Kufikia Jumatano uwanja mzima ulikuwa ukimwita Kiziwi. Wavulana walimjia kutoka kushoto wakachezesha midomo bila sauti, wakimuuliza kama amesikia. Simtanki ilirudi kuwa kimbilio lake. Noela alikuja siku moja akakaa naye, wakala karanga, hawakuzungumza sana. Kesho yake hakuja, keshokutwa alikuja.

Mama alimpeleka hospitali. Daktari alichungulia sikio kwa taa ndogo, akasema ngoma ya sikio ilitoboka zamani, asiingize maji, na kwamba wataalamu wa masikio wako Mwanza. Mwanza ikawa neno la kuzungumzwa siku baba atakaporudi.

Ila Mwalimu Akida alikuwa mtu wa kujifunza. Pengine ni mtoto mwenyewe aliyemfundisha. Siku moja, baada ya vipindi, Mbuke alimfuata mezani, pasipo watu, akasema kwa sauti ambayo hata yeye ilimshangaza, "Mwalimu, usipige kelele. Ukipiga kelele sisikii vizuri. Nitazame tu."

Mwalimu Akida aliweka chaki mezani. "Nikikusahau je? Maana ninyi ni wengi, nami nasahau."

"Sijui."

"Basi inua kalamu juu. Nikiona kalamu, nitajua neno limekupita, nitalirudia nikiwa nimewageukia. Sitakuuliza mbele za watu."

Wakakubaliana. Kesho yake Mbuke aliinua kalamu mara sita, na mara sita mwalimu akageuka kutoka ubaoni, akarudia, pole pole. Wiki haikwisha kabla kalamu ya pili haijainuka, ya mvulana wa dawati la nyuma kabisa. Halafu ya tatu. Mwalimu Akida alishangaa kuona idadi ya watoto ambao walikuwa hawamwelewi tangu Jumatatu ile ya kwanza. Kasi yake ikapungua. Shati lake nalo halikuwa na mikunjo mikali tena, na siku moja alicheka na darasa mpaka akakaa chini. Jina la Kiziwi halikufa, lakini lilichoka kidogo.

Mwanzoni mwa Oktoba, siku ya Jumatatu, Mwalimu Theopista alirudi. Watoto walimkimbilia getini wakamzingira. Mbuke alisimama pembeni, na mwalimu alipomwona alipenya katikati ya wengine, akamkumbatia, akainama akamnong'oneza kitu sikioni, jambo refu kidogo, huku akitabasamu. Alinong'ona upande wa kushoto.

Mbuke alitabasamu naye. Hakumwambia. Kutwa ile aliwaza ni nini kilichosemwa, kama kilikuwa pole, au Otmar ameota jino, au kitu gani. Jumanne asubuhi ndipo alipoinuka dawatini kabla ya majina kuitwa, akaenda mpaka mezani.

"Mwalimu, ni hili," alisema, akigusa sikio la kulia. "Sio lile. Na mimi siku hizi nainua kalamu."

Mwalimu Theopista alifunga daftari la majina. "Nilisahau," alisema. "Nisamehe, mama." Kisha akauliza, "Kalamu ndiyo nini?" na Mbuke akamweleza, mbele ya watoto mia moja na watatu, bila kuinamisha kichwa.

Mwalimu Akida alikabidhi madaftari siku mbili, kisha akafunga virago. Alikuwa amepata shule nyingine ya kujitolea, huko Buseresere. Alhamisi mchana pikipiki ilikuja kumchukua, godoro limefungwa nyuma, begi limewekwa mbele ya dereva. Watoto walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mbuke alikuwa njiani na wenzake wawili watatu pikipiki ilipowafikia, ikapunguza mwendo kando yake. Mwalimu Akida alimwinamia, akasema maneno mawili, labda matatu. Injini ilikuwa ikinguruma na vumbi limetanda. Mbuke aliona midomo ikicheza lakini hakupata hata herufi.

Angeweza kuinua kalamu. Ilikuwa kwenye begi, na pikipiki ilikuwa imekwisha kuondoka.

Akapunga mkono kama mtu aliyesikia. Mwalimu Akida naye akapunga bila kugeuka, mkono mmoja ameshika godoro. Wenzake wakamuuliza, "Amesemaje?" Mbuke akasema, "Ameaga tu." Wakaamini, wakaendelea na mazungumzo yao, yeye akatembea upande wa kushoto wao ili awasikie, hatua moja nyuma, mpaka njia panda ambako kila mmoja alishika ya kwao.